Maji Yaliyojaa Mapafuni Hayakutoka Baharini

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mkazi wa Kunduchi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiogelea baharini kila Jumamosi. Mwezi uliopita, kusi ikiwa imechafua bahari, nilijitosa kutoka kwenye boti karibu na kisiwa cha Mbudya ili niogelee hadi ufukweni. Kabla sijafika nilianza kubanwa na pumzi na kukohoa, na nilipopandishwa botini nikatema povu la rangi ya waridi. Wenzangu wanasisitiza kwamba nilikunywa maji ya bahari, ilhali nina hakika sikumeza hata funda moja. Baada ya siku mbili nilikuwa mzima, bila kwenda hospitali. Nina presha, lakini dawa huwa ninazimeza ninapojisikia vibaya tu. Je, ninaweza kurudi majini?

JIBU: Ndugu msomaji, usirudi kwanza. Ninayaamini maelezo yako kuliko ya wenzako, kwa kuwa dalili hizo zinafanana sana na hali ya mapafu kujaa majimaji wakati wa kuogelea au kupiga mbizi, na majimaji hayo hayatoki baharini bali hutoka katika damu ya mwogeleaji mwenyewe.

Mtu anapozama hadi shingoni, uzito wa maji huikandamiza miguu na tumbo na kuisukuma damu, yapata nusu lita au zaidi, kuelekea kifuani. Ubaridi husinyaza mishipa ya ngozi na kuuongeza mzigo huo, na kushindana na mawimbi huulazimisha moyo kufanya kazi zaidi. Presha ndani ya mishipa myembamba ya mapafu ikipanda kupita kiasi, majimaji hupenya kuta zake na kuingia katika vifuko vya hewa, pamoja na chembe chache za damu ambazo ndizo hulipa povu rangi uliyoiona. Joto la bahari yetu si kinga, kwani hali hii imewapata watu hata katika maji ya uvuguvugu, wakiwemo vijana wenye afya njema. Kwa wapiga mbizi, nguo ya mpira inayobana kifua na ugumu wa kuvuta hewa kupitia kifaa cha mtungi huongeza hatari.

Hapo kwenye dawa ndipo ninapolazimika kukulaumu kidogo. Dawa ya presha humezwa kila siku kama ulivyoelekezwa, kwa sababu presha hupanda bila kumjulisha mwenyewe, nayo ni miongoni mwa mambo yanayofungua njia ya tatizo hili. Nenda ukapimwe presha, umeme wa moyo na ultrasaundi ya moyo, iwe katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili au hospitali nyingine yenye daktari wa moyo, na umweleze habari ya lile povu.

Wenzako nao wajue kwamba mtu wa namna hii hutolewa majini haraka, huketishwa wima, hufunikwa asipate baridi, hupewa oksijeni ikiwepo na hupelekwa hospitali. Kumlaza na kumkandamiza tumbo, kama wengi wafanyavyo kwa aliyekunywa maji, kungezidi kumnyima pumzi.

Tatizo hili lina tabia ya kujirudia. Kwa hiyo, hata daktari wa moyo akikuruhusu, ogelea kando ya ufukwe bahari ikiwa shwari, ukiwa na mwenzako, na utoke mara tu kikohozi kinapoanza. Kuhusu kupiga mbizi kwa mtungi, ushauri wangu ni kuacha kabisa.