Mshairi Anayetaka Kupanda Jukwaani

Kila Novemba inapokaribia na matayarisho ya tamasha la utamaduni yanapoanza hapa Lamu, hunijia kijana mmoja au wawili wakiniuliza namna ya kuwa mshairi, mwandishi wa tamthilia na msanii wa jukwaani kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kazi hizi tatu zimekuwa riziki yangu kwa takriban miaka 20, na mingi kati ya miaka hiyo niliipoteza kwa kutojua haya ninayoyaandika leo, nimeona niwajibu kwa kirefu. Fani hizi hazifunzwi kwa mkupuo mmoja. Kila moja ina mwalimu wake, na aliyeijua moja hudhani bure kwamba amekwisha kuzijua zote.

Anza na ushairi, na uanze nao kwa sikio. Shairi letu la kawaida lina mizani 16, yaani silabi 16, katika kila mshororo, 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili, na vijana wengi huzihesabu kwa vidole bila kujiuliza zilitoka wapi. Mimi nilizielewa siku nilipokaa karibu na mghani mmoja wa mtaani kwetu nikamtazama kifua badala ya mdomo. Kifua kilipanda mara moja, kikashuka polepole mpaka kina cha mwisho, na pale kati, kwenye kina cha ukwapi, alitua kidogo bila kuvuta pumzi mpya. Tangu siku hiyo situngi ubeti nisioweza kuughani nikiwa nimesimama. Utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858 ungali unaghanika kwa wepesi, kwa maana vipande vyake vya mizani 8 havimchoshi hata mwenye kifua kidogo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba sikio hilo lingetosha kuandikia tamthilia. Niliandika mchezo wa ndugu wawili wanaogombea jahazi la marehemu baba yao, wote kwa mashairi, na kila mhusika akazungumza kwa vina kamili. Tulifanya mazoezi usiku katika ua wa jirani. Kijana aliyeigiza mdogo mtu alipofika pale anapomkamata kakaye kanzu, alimaliza kwanza mshororo wake, akatua vizuri kwenye kina, ndipo akanyosha mkono. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili pembeni, mwimbaji wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, tangu ujana wake, aliniambia: "Mwanangu, maneno ni mema, lakini hapana aloteta hapa."

Alisema kweli. Mwenye hasira hamalizi mizani zake: hukatizwa, hurudia neno lile lile, hunyamaza ghafla. Niliuvunja mchezo mzima nikaacha ushairi mahali pawili tu, mama anapomlilia mumewe na ndugu wanapoapa, na mahali hapo pawili ndipo watazamaji walipotulia zaidi. Kwa hiyo nakushauri ukae forodhani asubuhi mizigo inapopakuliwa, usikilize watu wanavyobishana bei ya uchukuzi, kisha uandike pale walipokatizana.

Kuhusu uigizaji nina machache. Ingia katika kirumbizi, ngoma yetu ya kuchezea fimbo, angalau msimu mmoja, kwa kuwa ukimwondolea mwenzako macho, fimbo inakupata, na mwigizaji anahitaji uangalifu huo huo.

Riziki ni jambo jingine. Usione haya kuwa na kazi ya pili. Ustadh Mahmoud Mau, mshairi na imamu wa hapa kwetu, alifanya kazi ya kuoka mikate kwa miaka mingi, na tungo zake zikasambaa zikighaniwa na watu wengine wenye sauti. Tanuri halikuupunguzia ushairi wake heshima yoyote machoni pa watu wa Lamu.

Lakini kazi yako usiitoe bila maandishi. Shirika moja lilinirekodi nikighani katika hafla yake, tukakubaliana kwa mdomo, na baadaye nikaisikia sauti yangu katika tangazo ambalo sikulipwa hata shilingi. Nilikuwa sijui kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda tungo tangu inapoandikwa au kurekodiwa, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kwamba kuisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki hukupa ushahidi siku ya mzozo. Tamthilia ina watu wengi zaidi ndani yake, kwa hiyo mapatano yake yanahitaji uangalifu zaidi. Siku hizi huyaandika kabla ya mazoezi ya kwanza, nikayasoma kwa sauti mbele ya waigizaji na wapiga ngoma, na mgao wa kila mmoja umo, pamoja na wa yule bibi wa vugo.