Marshali Aliyezibeba Hati Kichwani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kati ya walinda sheria mashuhuri wa Magharibi ya Marekani ya karne ya 19, ni visa vya nani tunavisadiki, na ni vya nani tunaviona vimetiwa chumvi? Jibu langu ni Bass Reeves. Naomba nieleze kwa nini ninamtanguliza mbele ya akina Wyatt Earp na Wild Bill Hickok, ijapokuwa na yeye pia wasimulizi hawakumwacha salama.

Reeves alizaliwa mtumwa katika jimbo la Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alimtoroka bwana wake, akakimbilia Eneo la Wahindi Wekundu, ambalo leo ni sehemu ya Oklahoma, akaishi na Wacherokee, Wacreek na Waseminole hadi akazizoea njia za nchi yao na kuzungumza lugha zao kwa kiasi cha kuelewana. Mwaka 1875, Jaji Isaac Parker alipokabidhiwa mahakama ya serikali kuu mjini Fort Smith, walitafutwa marshali wasaidizi, yaani maofisa wa mahakama hiyo, wa kwenda kuwasaka wahalifu waliojificha katika Eneo hilo la Wahindi, kwa kuwa mahakama za makabila hazikuwa na mamlaka juu ya watu wa nje. Reeves akaajiriwa, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka 32.

Hakujua kusoma wala kuandika. Kabla ya safari alisomewa kila hati ya kukamata, jina la mtuhumiwa na kosa lake, akayahifadhi yote kichwani. Na alipomtia mtu pingu, alichomoa katika bunda ile hati iliyomhusu. Wapo wanaosema hili haliwezekani. Mimi nimelelewa na bibi aliyeuza samaki wa kukaanga na kukopesha nusu ya mtaa bila daftari. Kila mwisho wa mwezi alimtajia mdaiwa siku aliyochukua, samaki gani, na kiasi alichokwisha kulipa, wala sikumsikia hata mara moja akibishiwa na kushindwa. Kwa hiyo kisa cha hati nimekisadiki tangu siku ya kwanza nilipokisikia.

Kingine ninachokipenda ni kile cha ndugu wawili waliokuwa wakitafutwa kwa donge kubwa la fedha. Inasimuliwa kwamba Reeves aliiacha kambi yake umbali wa maili 28, yaani takriban kilomita 45, akavaa nguo zilizochakaa, akang'oa visigino vya viatu vyake, akatoboa kofia yake matundu matatu ya risasi, na chini ya matambara hayo akaficha pingu, bastola na beji. Kisha akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwa mama wa vijana wale, akaomba chakula, akamwambia kwamba amefukuzwa na marshali wakamkosakosa. Mama akamhurumia, akampa chakula, hata akashauri aungane na wanawe. Usiku vijana wakaja, mapatano yakafanyika, wote wakalala chumba kimoja. Kulipokucha walijikuta wamefungwa pingu pamoja, bila kujua zimetiwa saa ngapi. Mama yule, wanasema, aliwafuata njiani kwa maili tatu nzima akimlaani Reeves. Hiyo ndiyo sehemu inayonishawishi kuliko zote, maana mtungaji anayemjenga shujaa wake angeikomesha hadithi kwenye pingu, wala asingekumbuka kutuachia mama anayelia barabarani.

Ipo pia sababu ya kikazi ya kusadiki visa vya hila kuliko visa vya risasi. Marshali msaidizi wa Fort Smith hakuwa na mshahara. Alilipwa kwa kila mtu aliyemfikisha mahakamani na kwa maili alizosafiri. Akimuua mtuhumiwa alipoteza malipo, na mara nyingi gharama za mazishi zilimwangukia yeye. Mtu aliyekaa kazini miaka 32 kwa masharti hayo bila shaka alijifunza kumleta mtuhumiwa akiwa hai. Magazeti ya zama zake yalimhesabia zaidi ya watu 3,000 aliowakamata na 14 aliowaua. Hesabu ya kwanza naichukulia kama makadirio ya watu waliomheshimu, lakini uwiano wake na ile ya pili unaafikiana na jinsi kazi ile ilivyokuwa.

Sasa mlinganisheni na wenzake. Mapigano ya Tombstone, Arizona, ya tarehe 26 Oktoba 1881, yaliyomletea Earp sifa, yalichukua kama nusu dakika na kuua watu watatu, wala hayakutokea ndani ya zizi la O.K. Corral linalotajwa katika jina lake bali katika kiwanja chembamba karibu na studio ya mpiga picha. Earp alifariki mwaka 1929, na kitabu kilichomfanya mtu asiye na doa kilitoka mwaka 1931. Hickok naye alisifiwa na jarida moja mwaka 1867 kwamba aliwaua peke yake watu 10 huko Rock Creek, ilhali waliokufa siku ile walikuwa watatu, na si wote kwa mkono wake. Kisa chake ninachokisadiki ni kile cha Abilene mwaka 1871, alipofyatua risasi gizani akamuua msaidizi wake mwenyewe, Mike Williams, aliyekuwa akikimbia kuja kumsaidia.

Reeves naye analo doa la namna hiyo, na ni lazima litajwe. Mwaka 1884 mpishi wa msafara wake, William Leach, alikufa kwa risasi ya bunduki ya Reeves. Mashahidi wengine walizungumzia ugomvi juu ya mbwa. Reeves alisema bunduki ilifyatuka alipokuwa akiitoa risasi iliyokwama. Alishtakiwa kwa mauaji, akasimama mwaka 1887 mbele ya Jaji Parker yuleyule aliyekuwa akimtuma, na akaachiwa huru. Katika karatasi za kesi hiyo, mahali pa saini, ipo alama ya X. Wasimulizi wengi hukiruka kisa hiki, nami naona wanamdhulumu, kwa sababu bila mwaka ule wa mashaka hatuwezi kuelewa kilichotokea mwaka 1902.

Mwaka huo mwanawe, Bennie, alimuua mkewe mjini Muskogee. Wanasimulia kwamba hati ilikaa siku mbili bila marshali yeyote kutaka kuichukua, hadi baba mwenyewe alipoiomba. Siku hizo mbili sina budi kuzihesabu miongoni mwa masimulizi. Lakini kukamatwa, hukumu ya kifungo cha maisha na gereza la Leavenworth ni mambo ya kumbukumbu za mahakama, na Bennie alipotoka gerezani baba yake alikuwa amekwisha kufa. Hati ile moja Reeves hakuhitaji kusomewa ili alikumbuke jina.

Tarehe 16 Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo, kazi ya marshali wa aina yake ikaisha, na sheria ya kwanza ya baraza la seneti la jimbo jipya ikawa ya kuwatenga weusi na weupe katika mabehewa ya treni. Reeves, mwenye miaka karibu 70, akajiunga na polisi wa mji wa Muskogee, akazunguka mitaani kwa miguu hadi ugonjwa wa figo ulipomlaza. Alifariki tarehe 12 Januari 1910. Fort Smith walimsimamishia sanamu mwaka 2012, amepanda farasi, uso umeelekea magharibi, upande aliokuwa akitumwa. Kaburi lake huko Muskogee hakuna anayejua kwa hakika lilipo.