Bendera ya tipapu ikipanda, nani kakwambia usubiri?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi na mwenzangu tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, wikendi tunapanda mpaka ziwa moja upande wa Brainerd kuvua paiki, yule samaki mkali wa meno, kwenye barafu. Tunatega tipapu nne (mitego inayokaa juu ya tundu la barafu, samaki akivuta bendera inapanda), chambo samaki mfu, waya una ndoana mbili za meno matatu. Wazoefu wametuambia bendera ikipanda tusiguse, tuhesabu dakika mbili paiki ameze vizuri. Tukifanya hivo wengine wanaponyoka, wengine wanatoka ndoana iko tumboni kabisa, tunakata mshipi tunawarudisha, wanageuka tumbo juu. Tunakosea wapi? Na yale mafuta ya harufu ya kupaka chambo yanasaidia?

JIBU: Mnakosea kwenye hizo dakika mbili, na wala sio nyinyi wa kwanza. Kila msimu napeleka watu barafuni na kila msimu lazima atokee mmoja ananishika mkono, bendera imepanda, ananiambia ngoja kwanza ameze. Ameze ili iweje?

Niseme ukweli, ushauri wenyewe ulikuwa na mantiki yake zamani. Watu walikuwa wanatumia ndoana moja tu, imechomekwa mgongoni kwa kisamaki kizima. Sasa paiki havuti chakula kwa kukifyonza kama sato, yeye anabana ubavuni, katikati, kama mbwa kabeba mfupa, anaondoka nacho, anasimama huko mbele, anakigeuza kichwa kitangulie ndo anameza. Ukivuta wakati bado kabana ubavuni na kindoana chako kimoja kiko nje ya mdomo, unamnyang'anya chakula tu, humshiki. Ndo ikaja ile kanuni ya mwache akimbie, asimame, akianza kukimbia mara ya pili vuta. Kwa ndoana ile ilikuwa inapata samaki, ingawa hata wakati huo ilikuwa inawaua.

Nyinyi hamna ndoana ile. Mna mbili, moja inakaa karibu na kichwa cha chambo, nyingine mgongoni, chambo kinaning'inia kimelala kama kinaogelea, kwa hiyo paiki akibana tu ubavuni ndoana ziko mdomoni tayari. Mtego huo ulibuniwa ili mtu asisubiri! Halafu unauchukua unakaa unahesabu mpaka mia na ishirini, ni sawa na kununua jiko la gesi ukalipulizia moto kwa mdomo.

Ambao wamevua kwa mshipi wa mkono huko nyumbani wataelewa haraka. Mshipi ukiwa kidoleni unasikia kila kitu, anagusa, anaonja, anavuta. Tipapu haikwambii lolote, spuli, kile kigurudumu kilichozungushiwa mshipi, iko chini ya maji isigande na bendera inakwambia tu kuna kitu kimegusa, ameanza sasa hivi au ameshameza zamani hujui. Kwa hiyo ikipanda nenda, usipige vishindo hasa kama maji ni mafupi, angalia spuli kama inazunguka, nyanyua tipapu taratibu, shika mshipi, kusanya ulegevu mpaka usikie uzito, alafu vuta mkono mara moja kwa nguvu na usilegeze tena mpaka kichwa kiingie tunduni. Basi. Muda wa kusubiri ni ule wa kutembea, ndo maana nauliza na nyinyi mnakaa wapi? Maana najua wapo wanaokaa kwenye gari hita imewashwa. Sheria ya Minnesota inataka uwe ndani ya futi 200 za tipapu yako, kama mita 60 hivi, na hicho ni kikomo, sio sehemu ya kuweka kiti. Mi nakaa hatua thelathini, siku ya upepo karibu zaidi.

Wanaoponyoka angalieni na ukubwa wa chambo. Kama mnatega kisamaki cha inchi kumi mnashikwa na vipaiki vidogo visivyoweza kukibeba, shusheni mpaka tano au sita muone.

Sasa hili la kugeuka tumbo juu ndo linaloniudhi hasa. Tangu 2018 kanda yenu, ya kaskazini ya kati, inakuruhusu paiki kumi, wasiozidi wawili wawe wa zaidi ya inchi 26, na wote wa kuanzia inchi 22 mpaka 26 lazima warudi majini, labda kama ziwa lenu lina sheria yake ya peke yake. Ukimsubiri ameze, halafu akatoka ana inchi 24, huruhusiwi kumla hata kama unaona kabisa anakufa mbele yako. Umemuua bure. Na wale wanaosema kata tu mshipi, ndoana itajiyeyukia yenyewe siku mbili tatu, waulizeni walishaiona wapi. Chuma kinaota kutu taratibu sana. Kukata ni afadhali kuliko kung'oa utumbo, hapo sibishi, ila hiyo ni huduma ya ajali, mtu hapangi safari kwa kutegemea ajali.

Mafuta ya harufu? Paiki ananusa na samaki mfu ananuka samaki mfu, sasa unaongeza nini? Ukiona mtu anakuuzia kichupa kwenye video kabla hajakuuliza unatega kina gani, kama pembeni kuna majani ya majini bado ya kijani, barafu ina unene gani (kwa miguu inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu, ile nyeupe zidisha mara mbili), huyo ana kichupa cha kuuza, samaki hana. Ndo haohao wa subiri ameze, ndo haohao wanaomlaza paiki kwenye theluji dakika tano wakitafuta picha kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mashavu yanaganda, ute unabaki kwenye theluji, alafu wanakwambia tumemwachia salama.

Hela ya kichupa nunueni koleo ndefu, ile yenye mdomo mwembamba, mtoe ndoana samaki akiwa bado juu ya tundu. Na ifungeni kamba kwenye koti, mi zangu tatu ziko chini ya ziwa.