Ukienda maskani kuwasajili vijana, nenda na jibu

Barua ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa ndani ya nailoni ya mkate. Kijana aliyenionyesha alikuwa mwendesha boda boda wa miaka 24, na aliitoa chini ya kiti cha pikipiki, pale wenzake wanapoweka koti la mvua. Ilikuwa Januari 2022, mwaka wa uchaguzi, nami nilikuwa karani wa kusajili wapiga kura katika mtaa mmoja wa Mombasa, nje ya kisiwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza maelezo yangu: kura ni haki yako, kura ni sauti yako, usajili wenyewe ni dakika chache tu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaifungua ile barua juu ya tangi la mafuta.

"Dada, hii tulipeleka 2019. Tulikuwa watu thelathini na wanane, sote tumetia sahihi. Muhuri huu hapa, imepokelewa. Nijibie hii kwanza, halafu vidole vyangu nitakupa vyote kumi."

Barua iliuliza jambo moja: uwanja wa mpira wa mtaa, uliozungushiwa mabati usiku mmoja, ni wa nani? Hapakuwa na tusi wala tishio. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyerudia mara mbili au tatu ili asikosee, na chini yake safu ya majina na nambari za vitambulisho.

Sikuwa na jibu. Nikamwambia lile tulilozoea kuwaambia watu, kwamba hiyo ndiyo sababu ajisajili, apate kuchagua viongozi watakaomjibu. Hakubishana nami. Aliikunja barua yake, moja, mbili, tatu, nne, akairudisha chini ya kiti. Siku ile pale maskani nilisajili watu wawili, na wote wawili walikuwa wapita njia.

Nayaandika haya kwa sababu kazi ile imeanza tena. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilifungua upya usajili wa wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025, na inalenga watu wapya zaidi ya milioni 6 kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Watakaotumwa mitaani wengi watakuwa vijana kama nilivyokuwa mimi, pamoja na machifu, wazee wa mtaa na maafisa wa vijana wa kaunti. Nawaomba mnisikilize kabla hamjafunga ule mkoba wa mashine ya kusomea alama za vidole.

Mara ya mwisho hatukufanikiwa. Oktoba 2021 lengo lilikuwa watu milioni 6 kwa muda wa kama mwezi mmoja. Waliopatikana ni kama milioni 1.5. Awamu ya pili, ile niliyoifanyia kazi, lengo lilikuwa milioni 4.5 na tukapata milioni 1 na kidogo. Sajili ilipofungwa ilikuwa na majina 22,120,458, mengi kuliko yale milioni 19.6 ya 2017, lakini vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 5. Nchi ilikuwa imezaa wapiga kura wapya kwa miaka mitano, na bado hesabu ya vijana ikarudi nyuma.

Maelezo niliyoyasikia kwenye mikutano yalikuwa mawili. Ama vijana ni wavivu, ama hawajaelimishwa. Nimekaa nao, na nakwambia yote mawili si kweli. Yule kijana wa boda alijua wadi yake inaishia mtaro gani. Alijua ni ofisi gani inayoshughulikia ardhi ya umma na ni ofisi gani isiyohusika. Alichokosa si elimu ya uraia. Alikuwa ameufanya uraia wenyewe, kwa kalamu na karatasi, na hakuna aliyempa japo mstari mmoja wa majibu.

Kisha kuna jambo la kitambulisho, ambalo huku Pwani ndiyo mlango wa kwanza, na wengine huishia hapo mlangoni. Bila kitambulisho cha kitaifa au pasipoti hakuna kusajiliwa. Mimi mwenyewe cha kwangu kilinichukua miezi kumi na moja. Ofisi moja ilinitaka nilete kitambulisho cha baba, kisha cha babu, kisha barua ya chifu, kisha nirudi siku ya vetingi nikae mbele ya wazee wathibitishe kwamba mimi ni Mkenya. Babu yangu alizaliwa Lamu na amezikwa Lamu. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, jina lake la kanisani, alikipata chake kwa wiki sita. Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa ukaguzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani, na nililipokea kwa furaha ya kweli. Lakini kijana aliyeulizwa akiwa na miaka 18 kama kweli ni wa hapa, hasahau. Ukija kumwambia nchi inamhitaji, anakumbuka lile benchi alilokalia siku nzima.

Na asikudanganye mtu kwamba karatasi hiyo haithaminiwi. Wamakonde wa Kwale walikuwa wameishi Kenya miongo kadhaa bila uraia. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kuudai, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Watu hawatembei hivyo kwa kitu wasichokitaka.

Halafu ukaja mwaka wa 2024, na baada ya hapo sidhani kuna mtu mwenye haki tena ya kusema vijana hawajali. Waliusoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi, wengine kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za kwao na kwa Kiswahili, wakawapigia na kuwaandikia wabunge kwenye simu zao. Kati yao walikuwamo wengi ambao 2022 nilikuwa nikiwabembeleza. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, na mchana ule ule waandamanaji wakaingia bungeni na risasi zikalia. Siku ya pili yake Rais akasema hatautia sahihi. Katika wiki zilizofuata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya vifo 50. Tarehe 5 Julai Rais William Ruto akaingia kwenye mazungumzo ya sauti ya mtandao wa X, akahojiwa na vijana moja kwa moja.

Nilisikiliza nikiwa jikoni kwa mama, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekaa mlangoni. Mkuu wa nchi alikuwa akiulizwa maswali mazito na vijana wa rika la mdogo wangu, kitu ambacho mimi sikukiona nilipokuwa na umri wake, na bado uso wake haukufunguka. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Wangetusikia mwezi wa tano." Mwezi wa tano ndio mswada ulikuwa ukipokea maoni ya umma. Watu walituma maoni, na kamati ikaketi kuyasikiliza.

Hapo ndipo penye kidonda. Serikali huwafikia vijana inapowataka, au inapowaogopa. Kijana akiifikia serikali kwa njia iliyoandikwa katika Katiba, barua yake hupigwa muhuri na kuwekwa.

Kwa hiyo ukitumwa, ushauri wangu wa kwanza ni uende mara moja bila mashine. Nenda ukakae, kuanzia saa kumi jioni hivi, kwa maana asubuhi mwendesha boda anatafuta pesa ya mwenye pikipiki na hana nafasi yako. Kunywa kahawa yao, lipa. Usivae fulana yenye maandishi. Usipige picha za kutuma kwa mkubwa wako, kwani kijana akiona kamera anajua papo hapo kwamba umefuata picha. Uliza wamewahi kupeleka nini wapi, na uandike: tarehe, ofisi, jina la aliyepokea kama wanalikumbuka. Mtaa usiokuwa na barua kama ile ni nadra. Ikiwa si uwanja ni kisima, ikiwa si kisima ni basari iliyoombwa na haikujibiwa.

Kisha lifuatilie mojawapo. Moja tu. Najua si kazi uliyoajiriwa kuifanya. Haikuwa yangu pia. Baada ya siku ile nilikwenda mara tatu kwenye ofisi iliyopiga muhuri, wakati wa mapumziko ya mchana. Mara ya kwanza karani alisema hakuna faili kama hiyo. Mara ya pili faili ilikuwapo lakini mwenye ufunguo hakuwapo. Mara ya tatu mama mmoja karibu na kustaafu akaniambia nikae, akaitafuta mwenyewe, akanisomea. Uwanja ulikuwa na hati ya mtu binafsi, na malalamiko yalikuwa yamepelekwa mbele bila hatua yoyote tena. Akaniandikia ofisi ya kwenda na nambari ya rejea.

Jibu lilikuwa baya. Niliogopa kulipeleka, nikafikiri nitawavunja moyo kabisa. Lakini nilipowasomea, kwa mara ya kwanza waliniwekea kiti. Walikasirika, walibishana, mmoja akasema twende tukang'oe mabati, mwingine akasema tumtafute wakili. Wakawa na kitu cha kukishika. Wiki ile walisajiliwa tisa pale pale, bila mimi kusema neno juu ya sauti wala haki. Mwenye barua hakuwamo kati yao. Alisema atafikiri, na sikumsukuma.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, na utaje siku utakayorudi. Ukisema Alhamisi, rudi Alhamisi, hata kama umerudi mikono mitupu. Mtaani ahadi ndogo iliyovunjwa hukumbukwa kuliko mkutano mkubwa uliofana, na baada yako atakuja mwenzako apokelewe kwa yale uliyoyafanya wewe.

Wasichana hutawakuta maskani. Nilichelewa sana kulitambua hili. Wapo saluni, wapo vyuoni, wapo kwenye vibanda vya viazi karai wakimsaidia mama jioni, na wengi wana mtoto mgongoni. Ukipanga foleni ya muda wa saa mbili, yule mwenye mtoto umemwambia arudi nyumbani. Na vijana wa mjengo, wale wa zege na kokoto, simenti imewala ncha za vidole na mashine inakataa kusoma. Usimkemee mtu mbele ya wenzake kwa vidole vyake. Mpe maji na kitambaa, mfutie taratibu, jaribu tena. Nimemwona kijana akiondoka kwenye foleni kwa aibu hiyo na hakurudi.

Sasa wewe kijana, maana najua unasoma. Sitakuambia kura itakutengenezea kila kitu. Siku ya uchaguzi ule, tarehe 9 Agosti 2022, vijana wengi wa Mombasa walipiga foleni kumchagua gavana wakakuta uchaguzi wa gavana umeahirishwa kwa kasoro ya karatasi za kura. Ulifanyika tarehe 29, na wengi hawakurudi. Hata siku ile ya kwanza, waliojitokeza kaunti yetu hawakufika nusu ya waliosajiliwa. Siwalaumu, ingawa niliumia. Nakuomba uzitazame hesabu hizi mbili kisha uamue mwenyewe: urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211, na waliokuwa na majina kwenye sajili wasipige kura nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni 7.

Lakini kura ni siku moja kwa miaka mitano, na mengi yanayokuuma huamuliwa katika siku zile nyingine. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla hayajapitishwa wananchi wana haki ya kusikilizwa. Kikao hicho mara nyingi hujaa wazee na wapambe wa mwakilishi wadi, kwa kuwa tangazo lake hubandikwa mahali usipopita. Muulize mzee wa mtaa tarehe mapema, nenda na wenzako kumi, na mkaseme jambo moja nyote. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na kaunti zina utaratibu wa namna hiyo. Weka nakala yenye muhuri. Usiitupe hata ikikaa miaka.

Mwenye ile barua alinipigia simu mwezi uliopita. Pikipiki aliirudisha kwa mwenyewe, siku hizi anapiga zege kwenye majengo ya Mtwapa. Mabati bado yapo uwanjani. Aliniuliza usajili unafanyika wapi kwa upande wa kwao, na kama mashine itasoma vidole vyake vilivyo sasa. Nikamwambia aende ofisi ya tume ya eneo bunge lake na kitambulisho halisi, si nakala, na usiku kabla ya kwenda apake mafuta ya nazi mikononi alale nayo. Kisha nikamwomba, akipata nafasi, anipigie picha ile barua, na sahihi zote zionekane.