Mtoto akishapanda basi, mmechelewa

Msomaji mmoja wa Tabora kaniandikia: kijana wa jirani, miaka 15, kafukuzwa na baba wa kambo, sasa analala kwenye kibanda cha chipsi. Anauliza ampeleke wapi. Dada, nakujibu hapa hapa ili na wengine wasome.

Mtaani kwetu Mwanza hatukuanza na semina. Tulianza na mama lishe wa stendi ya Nyegezi. Usiku yeye ndiye anayejua nani kashuka kwenye basi bila mzigo wala mwenyeji. Tukamuunganisha na mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, vijana wa bodaboda, shekhe na mchungaji. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza kutekelezwa 2017, unataka kamati za namna hii mpaka ngazi ya mtaa. Yetu inakaa kwenye benchi la mama lishe, na inafanya kazi.

Mwaka huu binti yetu mmoja kamaliza kidato cha nne. Acheni nijisifu kidogo! Alifukuzwa kwao akiwa mjamzito. Bodaboda alimkuta barazani kwa watu, akatupigia. Mjane mmoja akampokea, ustawi wakamkagua na kumwandika mlezi wa kuaminika. Kwa baba yake tulirudi na shekhe mpaka mzee akachoka kutufukuza. Shuleni tulikwenda na tamko la Serikali la Novemba 2021 linaloruhusu waliojifungua kurudi masomoni.

Kuna shirika lilikuja likatupiga picha, likatuandika kwenye ripoti kama kazi yake, likaondoka. Hata nauli ya mjane halikurudisha. Linaniuma bado.

Basi shirikianeni. Msingoje mfadhili. Na nyie wazazi, hasira gani hiyo ya kumfungia mtoto mlango saa nne usiku? Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa na ndevu.

Ila dada, usimfiche kwako kimya kimya. Kesho utaambiwa umemwiba. Leo mpelekee chakula, mzungumze. Asubuhi nenda naye kwa mwenyekiti, kisha ustawi. Wakikwambia "njoo Jumatatu", piga 116, namba ya msaada kwa mtoto, ni bure, ukiwa umesimama mbele yao.