Mpira wa Hita Ukivuja Nyuma ya Dashibodi

Kapeti ya upande wa abiria ikilowa, usikimbilie bisibisi. Gusa kwanza hayo maji. Hapa Mtwara, kwa unyevu huu wa pwani, mara nyingi ni maji ya AC tu: hayana rangi wala harufu, na dawa yake ni kuzibua kimpira kinachoyatoa chini ya gari. Lakini yakiteleza kidoleni, yakiwa na rangi na harufu ya utamutamu, na kioo kikishika ukungu wa kunata ukiwasha hita, hiyo ni kulanti, maji ya dawa yanayopoza injini na kupita kwenye mipira ya hita.

Yangu ilikuwa kulanti. Nilishauriwa kuiunganisha mipira miwili ya hita huko kwenye injini, kulanti isipite ndani, hita ibaki bila kazi, maana nani anataka joto Mtwara? Kwa kukufikisha nyumbani, sawa. Lakini mimi hupanda Newala, na asubuhi ya Julai kule juu kioo hujaa ukungu. Tena injini ikianza kuchemka, kufungua hita hadi mwisho hupunguza joto wakati unatafuta pa kusimama.

Anza kwenye boneti. Magari mengi, mipira ya hita huishia kwenye ukuta ulio nyuma ya injini; kama panavuja hapo, dashibodi haikuhusu. Kwangu maungio yalikuwa ndani, nyuma ya droo ya abiria, ndiyo maana ilibidi kufungua dashibodi. Acha injini ipoe kabisa ndipo ufungue rejeta. Chomoa betri, subiri dakika kadhaa, na soketi za njano usizichezee: kwa kawaida ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Kulanti ikinge kwenye beseni na uiondoe hapo mapema, kwa sababu utamu wake huwavuta paka na watoto, nayo ni sumu.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuutoa mpira wa zamani. Umekaa miaka, umegandana na bomba. Tafadhali usiuzungushe kwa plaizi! Bomba la hita ni jembamba; likipasuka, unatafuta hita nzima. Uchane mpira kwa wembe kwa urefu wake, kidogokidogo bila kulikwaruza bomba, kisha uubandue. Safisha bomba kwa msasa laini mpaka kidole kisihisi gamba lolote. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu hujazia rejeta, huacha gamba hilo, na mpira mpya ukikaa juu yake utavuja.

Dukani nenda na mpira wa zamani mkononi. Upana wa tundu ulingane, na kona pia, kwani mpira mnyoofu ukilazimishwa kona hujikunja na kuziba. Wa bustani usikubali hata kidogo.

Valisha klipu, ile pete inayokaza mpira, kwanza, loweka ncha ya mpira kwenye maji ya moto ilainike, sukuma hadi upite uvimbe wa bomba. Kichwa cha klipu kielekee pale bisibisi itakapofika.

Sasa usirudishe dashibodi. Rudisha betri, jaza kulanti, weka swichi ya hita upande wa joto, washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Zima, ipoe, funga kifuniko, kisha iwashe tena ipate joto na presha. Pitisha karatasi nyeupe kwenye maungio. Ikitoka kavu, bado subiri. Mimi niliacha wazi usiku kucha, asubuhi nikakaza klipu tena na kupima kulanti ndipo nikafunga. Kapeti itoe nje, ioshe kwa maji mengi, ianike juani hadi sponji yake ya chini ikauke.