Mbegu za maboga: mbichi au za kukaanga?

SWALI: Nimeambiwa mbegu za maboga husafisha tumbo na kuua minyoo. Nimekula za kukaanga, pamoja na maganda yake, wiki nzima. Sasa tumbo limejaa gesi na choo kimekuwa kigumu. Nakosea wapi?

JIBU: Tatizo ni maganda na uhaba wa maji. Maganda hayasagiki tumboni. Yakiliwa kwa wingi huweza kurundikana karibu na njia ya haja kubwa, na maumivu yake si madogo. Yamenye. Kula kiini tu, kijiko 1 cha chakula kwa siku, na baada ya siku tatu ongeza hadi viwili. Kisage, changanya na uji, kisha unywe glasi nzima ya maji, kwani nyuzinyuzi bila maji hukausha choo. Saga kiasi cha siku chache tu. Unga wake huchacha upesi.

Kuhusu minyoo, desturi ni kutumia mbegu mbichi. Zina kukabitini, kemikali inayomlegeza tegu asishike ukuta wa utumbo. Humlegeza tu, ndiyo maana zamani dawa ya kuharisha ilifuata saa chache baadaye. Lakini kiasi cha kukabitini hutofautiana kati ya boga na boga, na kichwa cha tegu kikibaki, mwili wake huota upya. Ukiona vipande bapa vyeupe chooni, nenda ukapime choo upewe dawa kamili, usitegemee mbegu.

Watoto wadogo wapewe zilizosagwa tu, wasije wakapaliwa.